Maji ya kunywa huku Arusha na Moshi: kuchemsha peke yake hakutoshi

Juzi kuna shoga yangu kahamia Usa River kutoka Dar, ana mtoto wa mwaka na nusu, akanipigia simu kuniuliza maji ya huku yanachemshwa dakika ngapi ndo yawe salama kwa mtoto. Nikamuuliza maji ya wapi? Akasema ya kisima cha mwenye nyumba, tena masafi yanang'aa. Nikanyamaza kidogo, maana mimi nimekulia upande wa Maji ya Chai, huku huku Arumeru, meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia tangu yalipoota, na mama alikuwa anachemsha maji kila siku ya Mungu, anayaacha jikoni yatokote mpaka sufuria inabaki nusu, kwa moyo safi kabisa wa kututunza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba maji yetu yana floraidi, na moto hauiondoi. Kwa hiyo yule dada nilimwandikia maelezo marefu kwenye wasap, na hapa nimeyaandika tena nikaongezea yale niliyosahau, kwa yeyote anayeishi kuzunguka Meru au Kilimanjaro.

Kwanza elewa una matatizo mawili, siyo moja

Kuna wadudu, hawa wa kuharisha, taifodi, kipindupindu, amiba. Hawa wanakufa kwa moto, na wengi wao hata kwa dawa au kwa jua. Halafu kuna floraidi. Hiyo ni madini, inatoka kwenye mawe ya volkano ya Mlima Meru, maji yanavyopita chini kwenye yale mawe yanaibeba, na moto hauifanyi chochote. Ukichemsha kinachopaa ni maji, floraidi inabaki kwenye sufuria. Chukua mfano una lita kumi zenye miligramu 3 kwa kila lita, ukazichemsha mpaka zikabaki lita tano, sasa hivi una maji yenye miligramu 6 kwa lita. Ndo kitu alichokuwa anafanya mama bila kujua.

Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kwetu kwa muda mrefu iliruhusiwa mpaka 4 kwa sababu sehemu nyingi hakukuwa na maji mengine ya kuwapa watu, siku hizi kiwango cha nchi nacho ni 1.5. Maji ya Ngarenanyuki, Maji ya Chai na vijiji vingi vya Arumeru yanajulikana miaka yote kwa kuzidi hapo, na serikali iliweka kituo kizima cha utafiti pale Ngurdoto kwa ajili ya kuondoa floraidi peke yake.

Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi tangu akiwa mchanga mpaka kama miaka minane, na floraidi ikizidi kipindi hicho jino linatoka tayari lina madoa, haliswakiki likaisha. Ukishavuka huo umri meno hayabadiliki tena, lakini mifupa bado inakusanya, na kwenye maji yenye kiwango kikubwa sana watu wanakuja kukakamaa viungo na watoto wanapinda miguu. Mi nimesoma na watoto wa hivyo. Nimesoma pia na msichana ambaye darasa la tano mpaka la saba sikuwahi kuona akicheka bila kuweka kiganja mdomoni. Kwa hiyo mtu akikwambia meno ya Arusha ni kitu cha kawaida tu, usikubali, yanazuilika.

Kama bado unanyonyesha, nyonyesha, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nayo. Hatari inaanza kwenye uji na maziwa ya kopo yanayokorogwa na maji ya kisima.

Na magadi jamani. Makande ya magadi, maharage ya magadi, kisamvu cha magadi, yale mawe ya kijivu tunayonunua sokoni yana floraidi yake, na mengine inakuwa nyingi kweli. Loweka maharage usiku kucha, mwaga hayo maji, yataiva haraka tu bila magadi. Hii haikugharimu hata shilingi, anza nayo leo.

Utajuaje maji yako yana kiasi gani

Kwa macho hutajua. Kwa ulimi hutajua. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza vikapishana sana, kwa hiyo jirani kusema "yetu yalipimwa yako poa" haikusaidii. Chukua chupa ya plastiki safi ya nusu lita, isuuze mara tatu kwa maji hayo hayo unayotaka kupima, jaza, andika tarehe na mahali, peleka kwenye maabara ya ubora wa maji. Mjini ulizia mamlaka ya maji, vijijini ulizia RUWASA, ile wakala ya maji vijijini, au ile jumuiya ya watumia maji ya kijiji chenu, watakuelekeza pa kupeleka. Unalipia, ndiyo, ila unalipia mara moja na unajua unachompa mtoto. Mwambie mwenye nyumba mchange wapangaji wote. Kama unatumia maji ya bomba uliza yanatoka chanzo gani, maana Arusha mjini yanatoka chemchemi na visima tofauti na siyo mitaa yote inapata maji ya aina moja.

Mvua ndo dawa yetu ya bei nafuu

Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi hayana, au ni kidogo mno. Na huku kwetu mvua ipo! Masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba. Kinachokosekana ni gata na pa kuyaweka.

Piga hesabu hivi. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye bati la mita moja ya mraba inakupa lita moja. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 50, milimita moja ni lita 50, toa yanayoruka pembeni na yale ya kusafishia weka lita 40. Sasa matumizi. Usifikirie kufulia wala kuogea, fikiria kunywa na kupika tu, floraidi haikupati kwa kufua wala kuoga. Familia ya watu watano ndoo moja ya lita 20 kwa siku inatosha. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kama siku 150, kwa hiyo unahitaji lita 3,000 kuvuka kiangazi. Ili paa lako lijaze lita 3,000 inabidi inyeshe milimita 75, na masika ya mwaka wa kawaida inapita hapo mbali sana. Yaani simtanki moja la lita 3,000 linabadilisha maisha ya watoto wote wa nyumba hiyo. Kama huna hela ya simtanki anza na la lita 500 au mapipa mawili yenye mfuniko, tumia kwa mtoto tu, wakubwa waendelee na bomba mpaka mtakapoongeza.

Gata ziinamishwe kuelekea kwenye tenki, fundi apige uzi, siyo akadirie kwa macho, maana gata ikilegea katikati maji yanatuama na hapo mbu wanazaliana. Kabla ya vuli panda ngazi utoe uchafu wote. Huku Arusha mijakaranda inachanua Oktoba na Novemba, maua yanapendeza sana barabarani lakini yakianguka kwenye bati yanaoza humo ndani ya gata yanatoa ute mweusi unaonuka, na mvua ya kwanza inausukuma wote kwenye tenki lako. Mwaka juzi sikusafisha, nikafungua koki nikakuta maji rangi ya chai ya mkandaa, nikamwaga tenki zima na kiangazi kilichofuata nikanunua maji ya ndoo.

Kwa hiyo mvua ya kwanza usiikinge. Bomba linaloshuka kutoka kwenye gata liwe na elbo, kile kipande kilichopinda, unayoweza kuichomoa na kuigeuza pembeni, mvua ikianza iache dakika kumi mpaka kumi na tano iogeshe paa, vumbi lote lile la kiangazi na kinyesi cha ndege kiondoke, ukiona yanayodondoka yameshakuwa meupe ndo unarudisha elbo kwenye tenki. Mwanangu wa darasa la nne ndo kazi yake hiyo, mvua ikipiga bati tu anatoka mbio na mwavuli. Ukiwa kazini mchana kutwa mwambie fundi akuwekee bomba la kuziba chini, lile linalojaa kwanza kisha maji yanayofuata yanapita juu kuingia kwenye tenki, unalifungua baadaye kumwaga. Kwa paa la mita za mraba 50 liweze kubeba kama lita 25.

Mdomo wa tenki weka wavu, ule wa dirishani unatosha, na mfuniko ufunge kabisa, mwanga usiingie maana mwanga unaotesha ule ukijani. Koki ya kuchotea iwe juu kidogo ya sakafu ya tenki, kama upana wa kiganja, ili matope ya chini yabaki chini. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika likiwa karibu limeisha, mtu mwembamba aingie alisugue kwa brashi na maji yenye jiki kidogo, asuuze vizuri, na awepo mtu nje anamwangalia muda wote, asiingie mtu peke yake kwenye tenki.

Sasa wadudu

Maji ya mvua hayana floraidi lakini siyo kwamba hayana wadudu, ndege hawajui kama unakinga. Hapa ndo kuchemsha kunaingia kazini. Na hapa watu wengi wanapoteza mkaa bure: yakitokota kwa nguvu, yale mapovu makubwa yanayogeuka geuka, dakika moja inatosha. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari kwa hiyo maji yanachemka kwenye joto la chini kidogo kuliko Dar, kama nyuzi 95, bado wadudu wanakufa. Ukiwa juu kabisa mlimani, zaidi ya mita 2,000, acha dakika tatu. Funika sufuria, na uyabandike ukishamaliza kupika jiko likiwa bado la moto, usiwashe mkaa mwingine kwa ajili ya maji tu. Kila kiroba cha mkaa tunachookoa ni miti iliyobaki imesimama huko milimani yanakotoka maji yenyewe.

Huna mkaa wala gesi? Vidonge vya kutibu maji vinauzwa maduka ya dawa na hata kwa mangi, soma pakiti inasema kidonge kimoja ni lita ngapi maana vinatofautiana, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, tope linakula dawa. Au tumia jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyokwaruzika, isizidi lita mbili, jaza maji maangavu, ilaze juu ya bati kuanzia asubuhi, masaa sita ya jua kali. Kukiwa na mawingu iache siku mbili. Juni na Julai Arusha jua linaweza lisionekane siku nzima, miezi hiyo njia hii usiitegemee.

Halafu kuna kosa ambalo nimeliona nyumba nyingi kuliko yote. Maji yameshachemshwa vizuri, yamepoa, yamewekwa kwenye ndoo nzuri yenye mfuniko, juu ya mfuniko kuna kopo la bati. Mtoto anatoka kucheza gololi, anafunua, anazamisha kopo na vidole vinne mpaka kwenye kiwiko, anakunywa, anarudisha kopo, anafunika kwa adabu. Mwisho wa kazi yote ya asubuhi. Nunua ndoo ya koki, au mwambie fundi akutobolee ndoo yako ya zamani aweke koki, iweke juu ya stuli mtoto aweze kufikia. Hakuna mkono unaoingia humo ndani isipokuwa siku ya kuosha.

Kama huna mvua ya kutosha

Changanya. Maji ya bomba yenye miligramu 3, ukichanganya nusu kwa nusu na ya mvua unapata 1.5, umeshafika kwenye kiwango. Ndo maana nasema pima, ukijua namba yako unajua uchanganye vipi na tenki linaenda mbali zaidi.

Njia nyingine ni filta ya floraidi. Ile ya mkaa wa mifupa inafanya kazi kweli, mifupa ikichomwa kitaalamu inashika floraidi, lakini usijaribu kuichoma mwenyewe uani, ukikosea moto maji yananuka na yanabadilika ladha, nunua iliyotengenezwa na watu wanaojua. Pale Tengeru kwenye chuo cha Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza filta ya mchanga yenye teknolojia ya nano, akashinda nayo tuzo ya Africa Prize ya Uingereza mwaka 2015, na inaweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, floraidi ikiwemo. Filta yoyote utakayonunua muulize muuzaji maswali mawili: inatoa floraidi au inatoa wadudu tu? Na inachoka baada ya lita ngapi? Filta nyingi za dukani, zile za mshumaa, floraidi inapita kama hakuna kitu. Na ya mifupa ikichoka haikwambii, maji yanaendelea kutoka masafi vile vile, kwa hiyo pima tena kila baada ya muda.

Maji mengine ya bomba usiyadharau, yana kazi. Maji ya kuoshea vyombo na ya bafuni elekeza kwenye migomba, ndizi haijali sabuni kidogo. Koki inayodondosha weka ndoo chini yake usiku mmoja, asubuhi utaona mwenyewe kama kuita fundi ni gharama. Na chupa za maji ya kununua punguza, ukishakuwa na ndoo ya koki kila mtoto anabeba chupa yake ya kudumu shule. Mto Themi na Naura ukipita darajani baada ya mvua unaona chupa zote tulizokunywa.

Ndugu zangu wa Moshi

Nyie mna bahati, chemchemi za Kilimanjaro kwa sehemu kubwa ni maji mazuri kuliko yetu ya Meru. Shida yenu ni kuyalinda. Nimeolewa Kibosho, na mfongo, yaani mfereji wa maji wa wazee, unapita chini kidogo ya kihamba, shamba la ukoo, cha baba mkwe. Wazee waliichimba mifongo hiyo kwa mikono, wakawekeana zamu za maji na siku za kuusafisha, asiyekuja anatozwa. Sasa siku moja niko pale na ndoo, juu yangu kama hatua thelathini kuna kijana ametoka kupulizia kahawa mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, ameinamisha bomba la dawa ndani ya mfongo analisuuza, maji yanatoka na rangi ya samawati yanashuka kuja kwangu. Hakuwa na ubaya, alinisalimia vizuri kabisa, shikamoo mama. Nikamwomba achote maji kwa ndoo akasuuzie shambani, kule kule kwenye migomba, ile dawa iliyobaki aimwagie mikahawa maana ameinunua kwa hela. Akakubali. Hiyo ndo kanuni ya kwanza ya mfongo, chochote cha sabuni au dawa unachota unaenda nacho pembeni, huingizi ndani.

Chemchemi yenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima, nenda ukapime, utashangaa mahindi yako wapi. Mkiamua kupanda miti hapo msipande mikaratusi, inakunywa sana. Pandeni mikuyu, mringaringa, na msesewe, huu ambao tayari mnao kwa ajili ya mbege na wenyewe unapenda kukaa kandokando ya maji. Choo cha shimo kisiwe juu ya chanzo au kisima, kiwe chini ya mteremko na mbali angalau mita 30. Ng'ombe watengenezewe birika la kunyweshea pembeni, bomba litoe maji nje ya uzio, wasikanyage jicho la chemchemi. Na mkiwa na kikao cha kijiji muulize jumuiya ya maji mara ya mwisho kupima ilikuwa lini, iandikwe kwenye muhtasari.

Yule shoga yangu wa Usa River ameanza na mapipa mawili na elbo ya kugeuza, amemshawishi mwenye nyumba wachangie gata ya upande mmoja wa paa, na chupa ya kupima wameshaipeleka. Majibu yakija ntamwambia achanganye kwa kiasi gani. Kama wewe ndo kwanza unajenga, mwambie fundi wa kenchi kabla hajapiga bati akuachie ubao wa kushikia gata pande zote mbili, ukisubiri mpaka nyumba iishe utalipa mara mbili.